Bahari Itarudi na Nini?

Mjomba alikuja kutoka Mafia kutibiwa macho, akakaa kwetu Tabata siku tisa. Jioni ya siku ya pili alikuta kioo kitupu cha akwaria, tangi la kufugia samaki wa baharini, kimesimama sebuleni, urefu mita moja, upana nusu mita, kimo sentimita 40, na mimi nimekaa sakafuni na karatasi ya bei za vifaa. Akanisikiliza nikimweleza kila kitu. Pampu hii inapandisha maji kutoka tangi dogo la kabatini, ile inatengeneza mawimbi, taa hii ndiyo jua, mashine hii inatoa uchafu kwa povu, na hii hapa inapoza. Mjomba ametega dema huko Jibondo tangu mimi sijazaliwa, na ana ile adabu ya kumwacha mtu amalize.

Nilipomaliza akauliza swali moja.

"Maji yakipwa, bahari inarudi. Hapa umeme ukikatika, itarudi na nini?"

Nikacheka. Nikamwambia kuna inveta, mjomba, siku hizi kuna kila kitu. Akasema "haya". Ilikuwa ile haya ya watu wa pwani ambayo maana yake ni tutaona.

Macho yametibiwa, mjomba amerudi kwao. Swali hakuondoka nalo.

Wiki ya sita sasa linanikalia kichwani. Anayejua mwamba anajua alichokuwa anakizungumzia. Wakati wa bamvua maji yanapokupwa mno, vinabaki vidimbwi juu ya mwamba, jua la saa sita linavipiga, maji yanakuwa vuguvugu kama chai iliyosahauliwa. Ndani yake kuna samaki, kuna matumbawe. Wanavumilia saa mbili, saa tatu, kwa sababu maji mapya yako njiani.

Kioo changu ni kidimbwi ambacho bahari yake imechomekwa ukutani.

## Orodha ya nchi ya baridi

Karatasi ile ilikuwa na vitu kumi na vinne. Nilivinakili kutoka video za Wamarekani na Wajerumani, muuza duka akajaza bei pembeni. Namba tatu ilikuwa hita, wati 200.

Hita. Tabata. Februari.

Nilikuwa nimeipitia karatasi hiyo mara chungu nzima bila kuiona ile hita, na muuza duka naye aliiandikia bei bila kupepesa macho. Simlaumu. Mtu wa Hamburg akipanga akwaria yake anaogopa baridi kwanza, na orodha yake inamfuata hofu yake. Mimi nikaichukua na hofu yake nikaja nayo nyumbani.

Nilipoikata hita ndipo nikaanza kuvishuku na vingine vyote.

Cha kwanza kilikuwa nyuzi joto zenyewe. Karibu kila mwongozo unataka 25 au 26. Nikajaza kioo maji ya bomba tu, lita 200 kasoro kidogo, nikawasha taa kama nitakavyoiwasha, nikatumbukiza kipimajoto, nikaandika wiki nzima. Alfajiri 28.9. Saa tisa alasiri 31.2. Ukitaka kuyashusha maji hayo hadi 25 huna ujanja, unanunua chila, ile mashine ya kupoza, na chila ndiyo ilikuwa ghali kuliko vyote kwenye karatasi baada ya taa.

Lakini bahari yetu yenyewe haina 25 mwaka mzima. Inakaribia hapo Agosti, kusi ikivuma. Machi inafika 29, mwaka mwingine 30. Samaki wa visiwa vyetu vya Mbudya na Bongoyo wamezaliwa humo, hawajawahi kusoma kijitabu cha mtu wa Hamburg.

Nilifurahi na ugunduzi huo siku mbili nzima.

Siku ya tatu nikakumbuka 1998. Mjomba huwa anaisimulia bila kuulizwa: mwaka wa El Niño alichungulia kutoka kwenye ngalawa akaona mwamba wote mweupe, akadhani macho yake yameharibika. Matumbawe yalipauka pwani yote hii, na mengi hayakurudi. Kilichoyaua hakikuwa joto la kutisha. Tumbawe linaishi karibu sana na ukingo wake. Nyuzi moja tu juu ya wastani wa mwezi wenye joto kuliko yote, ikidumu wiki kadhaa, inatosha kulifanya liufukuze ule mwani mdogo unaoishi ndani ya mwili wake na kulilisha. Likishaufukuza linabaki jeupe na njaa.

Kwa hiyo 31 ya sebule yangu si mzaha, na 25 ya Hamburg si lazima. Nikaandika 28 kwenye karatasi, nikaizungushia duara. Ilikuwa namba ya kwanza niliyoiweka mwenyewe.

## Chila au feni

Chila ni friji ndogo. Inachukua joto la maji na kulitupa nje ya mgongo wake, na hapo ndipo hesabu inapochacha, kwa sababu mgongo wenyewe uko sebuleni. Ukiifungia ndani bila kuitolea njia, unapoza maji na kuchemsha chumba, kisha chumba kinayachemsha maji tena. Fundi friji wa mtaani kwetu aliniambia hivyo kwa sentensi moja, na hakunitoza.

Halafu ule ulaji. Nilijumlisha kila kitu kingine: taa wati 100 kwa saa tisa, pampu ya kupandisha wati 25, za mawimbi, mashine ya povu. Vyote pamoja vinakula kama yuniti mbili na nusu kwa siku. Chila ya wati 200 ikifanya kazi nusu ya siku tu inakula yuniti 2.4. Yaani peke yake inakula kama wenzake wote.

Na ukikatika umeme, ndiyo ya kwanza kulala. Betri ya kuibeba usiku kucha ingegharimu kuliko yenyewe.

Feni nilizipata Kariakoo kwa fundi kompyuta, mbili, za volti 12, zile za ndani ya kasha. Wati tatu kila moja. Nikazifunga zipulize juu ya uso wa maji, nikaanza kuandika upya. Alasiri ile ile iliyokuwa inafika 31.2 ikaishia 28.6.

Nilikaa naitazama ile namba kama mtu aliyeona deni lake limefutwa.

Siri yake ni jasho tu, ndiyo ile ile inayopoza maji mtunguni. Kila lita inayogeuka mvuke inaondoka na joto linalokaribia yuniti 0.67. Kwangu zinapotea lita nne hivi kwa siku. Feni za wati sita haziwezi kufanya kazi hiyo kwa nguvu zao, kazi inafanywa na maji yanayoondoka.

Ila mvuke hauondoki na chumvi. Maji yakipungua lita nne, chumvi yote inabaki kwenye yaliyosalia, na bahari yako inazidi kuwa kali kila saa. Lazima urudishe maji baridi, yasiyo na chumvi, kidogo kidogo, mchana na usiku. Kuna vifaa vya kujazia vyenye macho ya umeme. Mimi nimeweka boya, dada mdogo wa lile la tangi la choo, na ndoo iliyoinuliwa kwenye stuli. Linafanya kazi kwa uzito wa maji. Halina plagi.

Masika sijui itakuwaje, hewa ikishashiba maji mvuke hautoki kwa urahisi. Walau masika na jua lenyewe linapungua.

## Mtu wa Jakarta

Katikati ya haya nilikutana na habari ya Lee Chin Eng. Aliishi Jakarta, na mwaka 1961 aliandika katika jarida moja la Marekani jinsi anavyofuga samaki na viumbe wa mwambani nyumbani kwake. Mawe yaliyotoka baharini na uhai wake, mwanga wa jua, na mrija mwembamba unaotoa mapovu ya hewa. Basi. Wajerumani wa Berlin baadaye walichukua yale mawe, wakaongeza mashine ya povu na taa kali, ukawa mtindo unaofuatwa mpaka leo na ndio uliozaa karatasi yangu ya vitu kumi na vinne.

Yaani kilichoanza kwenye nchi ya joto, kando ya bahari kama yangu, kilikwenda Ulaya kikavaa makoti, kikanirudia mimi na hita.

Nilitaka kutupa karatasi yote. Mume wangu akaniuliza, "Sasa utanunua mrija tu?" Nilikuwa karibu kusema ndiyo.

Kilichonizuia ni kwamba yule bwana alikuwa na kitu nisicho nacho. Maji safi ya bahari aliyapata, mawe hai aliyapata. Mimi siwezi kwenda kung'oa jiwe Bongoyo. Visiwa vile ni hifadhi tangu 1975, na hata kama visingekuwa hifadhi nisingemtazama mjomba usoni. Lakini ule mrija wake niliuchukua, maana ndio jibu la kwanza la lile swali. Hewa inaingia majini kupitia juu, na maji yasipocheza, juu panachoka. Tena maji ya moto yanabeba hewa kidogo: maji ya bahari ya nyuzi 25 yanaweza kushika miligramu 6.7 hivi za oksijeni kwa lita, ya nyuzi 30 yanashika 6.2. Umeme wetu hukatika zaidi kipindi gani? Kipindi cha joto. Waliopitia mgao wa mwishoni mwa 2023 hawahitaji kuelezwa.

Hapo nikakibadilisha kipimo. Nikaacha kuuliza kifaa kipi ni bora, nikaanza kuuliza kila kimoja: ukizimika, nini kinakufa, na baada ya muda gani?

Taa ikizimika, hakuna kinachokufa leo wala kesho. Usiku umekuwa mrefu tu. Mashine ya povu, vivyo hivyo. Joto, saa kadhaa. Mwendo wa maji ndio hauna subira.

Nilikuwa nimetenga zaidi ya nusu ya pesa kwa ajili ya taa.

## Maji ya Dar

Watu wananiuliza kwa nini ninunue chumvi ilhali bahari iko kilomita chache. Nami nilijiuliza. Nenda Daraja la Salenda siku moja baada ya mvua, uone Msimbazi unachomimina. Maji mazuri yapo mbali zaidi, nyuma ya visiwa, na kuyabeba lita 20 kila wiki kwa boti ni ndoto ya mtu asiye na kazi. Kwa hiyo natengeneza: zaidi ya kilo saba za chumvi maalumu kwa tangi zima, mpaka refraktomita, kile kipimo cha chumvi, isome 35. Chumvi ya mezani haiingii hapa, haina kalisi wala magnesi ya kutosha.

Kasheshe ilikuwa maji ya kuchanganyia. Kisima cha jirani, kipimo cha madini yaliyoyeyuka kilisoma 940. Ya bomba yalisoma 210, siku yalipotoka. Yote lazima yapite kwenye mashine ya RO, inayoyachuja kwa kuyasukuma kwenye utando, na mashine imeandikwa inataka mgandamizo wa ba tatu hadi nne. Tangi letu la juu liko mita tatu. Mita kumi ndizo zinazotoa ba moja, kwa hiyo mimi nina 0.3. Mashine niliyoifunga kwa mbwembwe ilidondosha matone usiku kucha kama mgonjwa wa dripu. Asubuhi nilikuta glasi moja.

Pampu ya kusukuma haikuwa kwenye karatasi. Hamburg bomba linasukuma lenyewe.

Maji yanayotemwa, kama lita tatu kwa kila moja inayopatikana, tunapigia deki na kuflashia choo. Mama mkwe alipoliona beseni limejaa alisema walau samaki wameanza kuleta faida kabla ya kuja.

## Mawe

Hili sikulihangaikia, na naliona ndilo zuri kuliko yote. Dar imekaa juu ya mwamba wa kale. Mawe ya matumbawe yaliyokauka maelfu kwa maelfu ya miaka yanachimbwa nchi kavu na kuuzwa kwa lori la kujengea msingi. Nilichagua vipande kumi na moja kwenye kifusi cha jirani anayejenga, vyenye matundu mengi, nikaviloweka wiki tatu nikibadilisha maji na kupima fosfeti. Havina uhai, lakini bakteria wakishahamia ndani ya matundu ndio watakaokula sumu ya taka za samaki. Hiyo ni kazi ya wiki nne, sita, na haina njia ya mkato.

Mjomba nilimtumia picha. Akanipigia. Akasema ujana wake kule Mafia walikuwa wanavunja matumbawe hai baharini, wanayarundika juu ya kuni na magogo, wanachoma wapate chokaa ya nyumba. "Tuliijua bei ya chokaa, mwanangu," akasema, halafu akanyamaza kidogo, akaniuliza habari ya watoto.

Matumbawe hai kwa hiyo sina, na sina haraka. Yale magumu yote yamo kwenye Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, hayavuki mpaka bila kibali, na ya humu ndani si ya kung'oa. Binti yangu ana swali lake yeye: kwa nini tusipande boti Kunduchi tukaogelee na wa kweli? Sina jibu la kumshinda. Huwa tunakwenda.

## Jumamosi ya zulia

Kwa taa nilinunua ya kawaida ya LED yenye swichi ya kupunguza mwanga. Imetosha, tusonge.

Pesa iliyobaki ikawa betri ya volti 12, ampea-saa 100, kutoka duka la sola. Pampu ya mawimbi nayo nikabadilisha. Ya kwanza niliyonunua ilikuwa ya volti 220, ingelazimu inveta, na inveta yenyewe ina ulaji wake. Ya sasa ni ya volti 12, inakaa kwenye betri moja kwa moja. Pampu wati 10, feni wati 6, kimashine cha mapovu wati 4. Jumla 20. Betri ya namna hii huichoti zaidi ya nusu, kwa hiyo nina wati-saa 600, saa thelathini. Niliandika hesabu hiyo mara tatu kwa kalamu tofauti.

Jumamosi saa saba mchana, kioo kina maji ya chumvi na mawe bila kiumbe yeyote, nikaenda kwenye meta nikashusha swichi kuu.

Feni ziliendelea. Mapovu yaliendelea. Maji yalicheza. Nikasimama mlangoni kama bwana harusi.

Kisha nikasikia maji sakafuni.

Pampu ya kupandisha ilikuwa imezimika, kama nilivyotaka, lakini bomba lake lilikuwa limezama ndani ya kioo, na bomba lililojaa likikosa msukumo linageuka mrija wa kunyonya. Maji ya juu yalikuwa yanarudi yote chini kwenye tangi dogo la kabatini, ambalo nililijaza mpaka juu kwa sababu lilipendeza. Lita kumi na mbili hivi zilimwagika mpaka nilipolichomoa bomba. Zulia la sebuleni lilikuwa la mchango wa harusi. Waya wa ekstensheni ulikuwa umelala hapo hapo sakafuni. Kama nisingekuwa nimezima swichi kuu kwa mkono wangu mwenyewe, sijui ningekuwa naandika nini leo.

Bahari ilirudi, mjomba. Ilirudi sebuleni.

Dawa yake ni tundu la milimita tano kwenye bomba, chini kidogo ya uso wa maji. Uso ukishuka kidogo, tundu linavuta hewa, mnyonyo unakatika. Na tangi la chini unaliachia nafasi. Ekstensheni sasa imepigiliwa ukutani, nyaya zote zinaning'inia chini ya soketi kabla ya kupanda, ili tone linalotambaa lidondoke chini badala ya kuingia ndani, na fundi umeme ameweka RCD inayokata mkondo ukivuja. Tundu, nafasi, RCD. Hakuna hata kimoja kilichokuwa kwenye karatasi.

Jumamosi iliyofuata nikashusha swichi tena, saa ile ile. Maji yalishuka vidole viwili, yakasimama. Saa tisa alasiri kipimajoto kilisoma 28.9. Saa mbili usiku 28.4. Watoto walikwenda kulala kwa bibi yao maana nyumba nzima ilikuwa giza kwa ajili ya samaki wasiokuwepo. Nikakaa sakafuni na tochi ya simu, nasikiliza mapovu.

Mjomba akapiga baada ya Isha.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Umeuzima?"

"Tangu saa saba."

"Maji yanacheza?"

"Yanacheza."

"Samaki?"

"Bado."

"Na zulia?"

"Nimelianika, linanuka pweza."

"Haya," akasema. Sikujua ni haya ipi.